Malkia Shingoni

Shingo inaniwasha hadi sasa, na si kwa joto. Juzi kwenye kitchen party, meza ya wakwe watarajiwa ikisikiliza, mtoto wa kaka yangu aliutazama mkufu wangu akasema, "Shangazi, hii mbona tawdry hivi?" Meza ikaangua kicheko. Nikacheka kuwashinda wote, kisha nikajifungia chooni na simu.

Maana yake ni kitu cha bei chee kinachojitia dhahabu. Ningelia, lakini nikasoma neno lilikotoka, nikasahau kabisa kuna foleni mlangoni.

Kumbe humo ndani amezikwa malkia! Æthelthryth wa Northumbria aliacha ufalme na mume, akawa mtawa, akaanzisha monasteri Ely, Uingereza, mwaka 673. Alifariki 679 kwa uvimbe wa shingo. Bede, mtawa aliyeandika habari zake, anasema malkia aliupokea uvimbe ule kwa furaha, akiona ni malipo ya mikufu aliyojivika usichanani. (Hapo nilijipapasa.) Jina lake likalainika likawa Audrey. Na kwenye gulio la sikukuu yake pale Ely watu wakauza nini? Tepe za hariri za kuvaa shingoni! Sasa Mwingereza akiharakisha "Saint Audrey", ile t ya mwisho wa "Saint" inamrukia Audrey na kumganda, mtakatifu anaamka anaitwa Tawdry. London wana mtaa wa Tooley, uliozaliwa hivyohivyo kwa Mtakatifu Olave. Nasi tusijitie wema: Mwarabu alitupa kitab, tukaona ki- yake kama ya kiti, tukazaa vitabu, na "keep left" ya barabarani leo ina wingi, vipilefti.

Karne ya 16 utepe ule ulikuwa fasheni. Karne ya 17 haijaisha, jina lake limeshakuwa dharau. Nashuku aliyeanza kuudharau ni bibi mmoja aliyemkuta mtumishi wake kauvaa pia.

Jumapili shingo ikageuka kijani. Picha zikafika kwenye grupu la ukoo.

Kinachoniuma ni kingine. Angesema, "Shangazi, umevaa bati," ningemjibu papo hapo, na wakwe wangejua mwali katoka nyumba ya wasemaji. Lakini siku hizi watoto wetu wanatusuta kwa Kiingereza, makusudi, tubaki tunatabasamu. Na ada ya shule iliyomfundisha hiyo tawdry, nusu nililipa mimi.