Uainishaji wa Awali wa Wageni wa Dyrwood

Wataalamu wa viumbe wa kale huanzia kwenye meno na mifupa. Sisi tunaochunguza wachezaji wa gemu hatuna bahati hiyo, maana kiumbe wetu haachi mabaki, anaacha maoni. Na maoni yenyewe huyatoa mapema mno, mara nyingi kabla hajafika mji wa kwanza. Ndiyo maana makala haya yanatumia kigezo kimoja tu cha kuwagawa viumbe hawa katika familia na jenasi: mahali ambapo mchezaji alisimama akatoa hukumu yake ya kwanza. Hukumu yenyewe ilisema nini ni suala la pili, na kwa kawaida haina jipya.

Kielelezo chetu ni Pillars of Eternity, gemu ya njozi ya kampuni ya Obsidian Entertainment ya California, iliyotoka tarehe 26 Machi 2015. Hutazamwa kwa pembe ya isometriki, yaani mchezaji huwaona watu wake kutoka juu na kwa upande, kama mpangaji wa ghorofa ya pili anayechungulia uani kwa jirani. Tumeichagua kwa sababu ilizaliwa kwa harambee. Mwaka 2012 Obsidian ilipitisha bakuli kwenye Kickstarter ikiomba dola milioni 1.1, ikaondoka na karibu milioni 4 kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 73,000. Kwa hiyo kulikuwa na watu elfu sabini na ushei waliokuwa na maoni kuhusu gemu hii miaka miwili na nusu kabla haijakuwepo. Mtafiti wa hukumu za haraka aombe nini tena?

Familia ya kwanza ni Wakaa-mlangoni. Hawa huhukumu wakiwa bado wanaunda mhusika, kabla gemu haijaanza. Kazi yao si ndogo: kuna jamii sita za kuchagua, wakiwemo wanadamu na mbilikimo, aina kumi na moja za kazi, nchi ya asili, picha, sauti. Jenasi ya Mchonga-sura huishia hapo. Huhangaikia nywele na ndevu ambazo, kwa urefu ule wa ghorofa ya pili, hatakuja kuziona tena. Hukumu yake huwa fupi: picha ni chache.

Jenasi ya Mpiga-hesabu inastahili nafasi zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyozaa madhehebu. Mhusika ana sifa sita: nguvu, siha, wepesi, utambuzi, akili na ushupavu. Katika gemu za zamani kila mtu alijua la kufanya. Mchawi alipewa akili zote na mikono ya mtoto mchanga. Mpiganaji akapewa misuli na kichwa kitupu. Josh Sawyer, mkurugenzi wa gemu hii, hakutaka kuwe na sifa ya kutupwa jalalani. Akaamua kwamba nguvu iongeze madhara ya kila shambulio, liwe la panga au la uchawi. Mchawi anayetaka moto wake uunguze sawasawa sharti awe na kifua. Akili nayo ikapewa kazi ya kurefusha muda wa athari na kupanua eneo lake, hivyo hata mbeba nyundo akawa na sababu ya kuitaka.

Mpiga-hesabu akisoma maelezo hayo hupasuka vipande viwili papo hapo. Kipande cha kwanza, Mhafidhina, husema mchawi mwenye misuli ni kufuru, na huitoa hoja hiyo kuhusu ulimwengu ambamo baadhi ya watu wana mbalamwezi inayowaka kwenye paji la uso. Kipande cha pili, Mnyonya-mfumo, hakisemi kitu. Kimekwisha kufungua jedwali la Excel. Mimi niko upande wa Sawyer. Anayeita ndimi za moto kutoka hewani na kuzirusha kwa mkono, kumtaka awe na pumzi si kumwonea. Lakini jambo la kitaalamu ni kwamba mjadala wote huo umefanyika kabla hata adui mmoja hajatokeza pua.

Familia ya pili, Wasafara, hufika kwenye tukio la kwanza na kukwama hapo. Ikumbukwe kwamba shujaa mtarajiwa anaanza kazi yake tumbo likimsokota: yumo kwenye msafara wa wahamiaji kuelekea Gilded Vale, katika nchi ya Dyrwood, na anatumwa porini kutafuta matunda ya kuchemshia chai ya kumtuliza. Baadaye wenyeji wanauvamia msafara, na inavuma biawac, dhoruba inayong'oa roho kutoka miilini. Maelezo ni mengi na yameandikwa kwa uangalifu. Jenasi ya Mruka-maneno huyabofya yote yapite, kisha huuliza wale watu wamekwenda wapi. Jenasi ya Msoma-yote husoma hadi maelezo ya aina ya mawe. Wa kwanza hutangaza kwamba hadithi haieleweki, wa pili kwamba ni nzito, na wote wawili wana ushahidi wa kutosha. Katika vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako muda hulipiwa, familia hizi mbili zingefilisika kabla ya panga la kwanza kuchomolewa.

Sasa tuje kwa Wazee wa 1998, familia kubwa, yenye kelele na yenye haki zote za kupiga kelele, maana fedha nyingi za harambee zilikuwa zao. Mwaka huo ilitoka Baldur's Gate, iliyotengenezwa na BioWare ya Kanada, na mzee wa familia hii hajapona tangu hapo. Obsidian yenyewe ilianzishwa mwaka 2003 na watu waliotoka Black Isle, idara iliyosimamia gemu za aina hiyo, na katika harambee yao waliahidi waziwazi kurudisha ladha ile. Mzee basi haji kuona kitu kipya. Anakuja kukagua.

Mtazame kwenye pambano lake la kwanza. Anagonga kitufe kirefu cha nafasi, kila kitu kinasimama: adui mguu juu, mshale hewani. Uso wa mzee unang'aa, hilo analijua. Anagawa amri, anagonga tena, mambo yanaendelea. Kisha mchawi wake anasogelewa, naye anafanya alivyofanya miaka yote: anamkimbiza mchawi azunguke, adui amfuate bure. Hapa ndipo gemu inapomkana. Katika Pillars adui akishakukaribia kwa silaha ya mkononi anakuwa amekushika, na ukimpa kisogo anakupiga pigo la bure. Mchawi anaanguka hatua ya pili. Mzee anarudia, anaanguka tena. Pambano linapokwisha anasubiri alama za uzoefu kwa aliowaua, na hakuna. Kuua hulipa tu mpaka ukurasa wa kiumbe yule ujae kwenye kitabu cha wanyama, basi. Alama nyingi zimewekwa kwenye kazi unazozikamilisha. Aliyezoea kufyeka msitu mzima kwa ajili ya alama amefanya kibarua cha bure.

Wazee hawa wana spishi mbili zinazotambulika kwa lalamiko. Moja husema gemu imefanana mno na zile za zamani, nyingine husema haikufanana vya kutosha. Nimezichunguza hukumu zote mbili nikitafuta tofauti ya umri, ya vifaa, ya kiwango cha ugumu kilichochaguliwa, na sikuipata. Nadharia ninayoiegemea ni kwamba kipimo chao si Baldur's Gate iliyouzwa dukani, bali ile waliyoicheza wakiwa hawana kodi ya nyumba.

Familia ya nne hufika Gilded Vale. Kengele inalia. Katikati ya mji kuna mti, na kwenye mti zinaning'inia maiti za watu waliolaumiwa kwa sababu watoto wa nchi hiyo wanazaliwa bila roho. Mwanzo huu wa mji ni miongoni mwa mianzo bora ya gemu za aina hii, na wengi wa familia hii wanamcha Mungu kwa muda wa kama dakika nne. Kisha wanawaona watu wenye majina ya dhahabu. Mhusika wako ana kipaji cha kusoma roho, na hawa wa dhahabu wanasomeka: bofya mmoja, unapata kisa kirefu cha vita, mapenzi au kisasi. Jenasi ya Msoma-roho humsoma wa kwanza, wa pili, wa tano, akiandika majina pembeni kwa matumaini kwamba yataungana na hadithi. Hayaungani. Ni visa vya wachangiaji waliolipia nafasi mjini. Huyu ndiye mchezaji wa pekee katika utafiti wetu aliyekutana ana kwa ana na daftari la harambee, na hukumu yake, kwamba mji una watu wengi wasiohusika, ni sahihi kihasibu.

Familia ya tano ni Marehemu wa Pangoni. Katika msitu wa Valewood, kabla ya mji, kuna pango, na pangoni kuna dubu. Hakuna anayelazimishwa kuingia. Mbele kidogo wanasubiri wenzako wawili wa kwanza: Aloth, mchawi, nje ya nyumba ya wageni, na Edér, mpiganaji, karibu na mti ule. Ukirudi nao, dubu ni kazi ya kawaida. Marehemu huingia peke yake, hufa, hurudi, hufa, kisha hutangaza kwamba gemu haina uwiano.

Tungeipuuza hukumu hiyo kama isingekuwa na kasoro moja ya kihistoria. Gemu ilipotoka, mchezaji aliyebofya kifaa mara mbili ili mhusika akivae alimpotezea mhusika huyo uwezo wake wa kudumu, kimyakimya, mpaka kiraka namba 1.03 kilipotolewa. Kwa hiyo miongoni mwa waliolia kwamba wanaonewa walikuwemo waliokuwa wanaonewa kweli, na leo hakuna njia ya kuwatenganisha na waliojipeleka wenyewe kwa dubu. Familia hii itabaki na alama ya kuuliza mpaka mwisho wa taaluma.

Amebaki kiumbe mmoja asiyeingia popote, Mwanzilishi wa Kudumu. Hufika mjini, huwaza kwamba angefaa zaidi akiwa kasisi, hufuta, huanza upya. Tumbo linamsokota tena, anatumwa matunda tena. Magofu ya mwanzoni mwa gemu anayafahamu kuliko nyumbani kwake, lakini nusu ya pili ya gemu hajaiona. Hajatoa hukumu yoyote, kwa sababu anasema bado hajaanza. Wenzangu wanataka apewe familia yake. Mimi nadhani ni Mchonga-sura ambaye hajakomaa, na nimeomba tusubiri kwanza amalize kuchagua ndevu.