Mtihani Hauhitaji Fundi

Mizani ya bucha hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na ni haki, kwa kuwa nyama ni mali. Mtihani wa darasani hupima mtoto tu, basi kuna haja gani ya kumfundisha mwalimu kuutunga? Karatasi ya mwaka juzi ipo. Inabadilishwa tarehe, inapelekwa kwa mpiga fotokopi, na Jumatatu watoto wanafanya. Maswali ya kuchagua ndiyo yenye huruma zaidi: penye maswali 40 yenye majibu manne kila moja, asiyejua kusoma akibahatisha hupata wastani wa 10 bila kumsumbua mtu. Na mtunzi muungwana hulifanya jibu sahihi liwe refu kuliko mengine, ili hata mtoro asipotee njia.

Wapo watakaoleta jedwali la utahini, lile linalogawa maswali kwa mada, na ngazi sita za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956, wakidai mtoto aulizwe pia kwa nini na vipi, si "taja" peke yake. Hoja nzuri, ila swali la "kwa nini" lina hatari kubwa: mwanafunzi anaweza kulijibu kwa kufikiri, na mwongozo wa kusahihishia haukujiandaa kwa hilo. Wengine watasema alama zisizopima kitu humdhulumu mtoto. Haiwezekani, ripoti hupigwa mhuri wa shule. Semina zipelekwe kwa wenye bucha: huko, kosa la gramu 50 lina faini yake.