Dodge ya Sentimita 21 na Vumbi la Dodoma

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, mtu mzima na akili zake yuko ndani ya chandarua anapuliza rangi nyeusi. Amejifunga kitambaa puani, amevaa miwani ya kusomea, na mkononi ana mkebe wa rangi kama bwana afya anayepambana na malaria. Mkewe amesimama mlangoni na ufagio. Hasemi kitu. Mwanamke aliyehamia Dodoma kumfuata mtumishi wa umma huwa ameona mengi, lakini hili lilikuwa halijamfikia.

Mtu huyo ni mhasibu, mkazi wa Kisasa. Alifika kutoka Temeke mwaka 2017, baada ya Rais Magufuli kutangaza mwaka uliotangulia kwamba serikali sasa inahamia Dodoma kweli, jambo ambalo lilikuwa limeamuliwa tangu 1973. Pamoja na vitanda na sufuria, alihama na ndoto moja ya ujanani: Dodge Charger ya mwaka 1970, ile nyeusi ya Dominic Toretto katika filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Filamu hiyo aliitazama kwenye kibanda umiza mara nyingi kuliko alivyofungua vitabu vya hesabu. Charger halisi ina urefu wa mita 5.28. Ya kwake, aliyoletewa na shemeji anayefanya kazi Muscat, imepunguzwa mara 25 na kubaki sentimita 21. Ilikuja ndani ya boksi ikiwa vipande vipande, kila kipande kimeshikiliwa kwenye fremu ya plastiki kama zabibu kwenye kikonyo.

Magari ya aina hiyo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Siri yake ni fupi: unachukua bodi ya ukubwa wa wastani, unaisukumia injini ambayo haikukusudiwa kukaa humo. Wengi huanza kuhesabu mwaka 1964, Pontiac ilipotia V8 ya lita 6.4 ndani ya gari la kawaida na kuliita GTO. Charger ya 1970 ungeweza kuinunua ikiwa na injini ya Hemi ya lita 7, yenye nguvu ya farasi 425. Mhasibu wetu anaendesha Vitz ya lita moja. Angehitaji Vitz saba kujaza nafasi ya injini hiyo, na hesabu hii aliwahi kumpigia mkewe, ambaye aliuliza tu kama hiyo moja imeshalipiwa bima.

Balaa lilianza na gundi.

Kule Temeke supaglu ilikuwa inashika kabla hujafunga kifuniko. Dodoma, mwezi wa Agosti, alibandika kioo cha ubavuni, akakishikilia, akahesabu hadi mia, akaachia. Kikaanguka. Akarudia, kikaanguka tena. Mara ya tatu kilishika barabara, ila kilishika kwenye kidole gumba. Alidhani ameuziwa feki, kumbe gundi ilikuwa nzima kabisa. Supaglu haikaushwi na joto wala upepo. Huganda inapokutana na unyevu. Hewa ya pwani ina unyevu wa kumwaga, lakini Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka mzima, na kati ya Juni na Oktoba karibu haipati kitu. Katika chumba kile chote, mahali pekee palipokuwa na unyevu wa kutosha palikuwa kidole chake chenye jasho. Harry Coover, mkemia wa Kimarekani, alikutana na kemikali hizi mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya kulengea shabaha za bunduki, akaziweka kando kwa sababu ziling'ang'ania kila kitu. Coover hakuwahi kubandika kioo Kisasa mwezi wa Agosti.

Jioni ile walikuja wageni. Mhasibu aliwasalimia kwa mkono wa kushoto, na maelezo aliyolazimika kutoa baadaye yalikuwa marefu kuliko ripoti ya robo mwaka.

Akajifunza kupumulia kidogo kila anapotaka kubandika, ili pumzi yake ifanye kazi ya bahari ya Hindi. Ilisaidia. Kwa furaha akabandika kioo cha mbele kwa gundi ileile, akafunika gari kwa beseni, akalala. Asubuhi akakuta Dodge ina mtoto wa jicho. Mvuke wa supaglu ukikosa pa kutokea hutua kwenye plastiki angavu na kuacha utandu mweupe, ndiyo maana wajuzi hubandika vioo kwa gundi nyeupe ya shuleni. Alisugua kwa dawa ya meno muda wote wa taarifa ya habari, na kioo kikarudi kuona, walau upande wa dereva.

Injini ndiyo aliyoipania. Injini ya plastiki haiji na nyaya za plagi. Anayetaka gari lifanane na la kweli huziweka mwenyewe. Alichuna waya wa chaja ya simu iliyokufa, akatoa nyuzi za shaba, akazipitisha moja moja kutoka kwenye distributa hadi kwenye plagi nane, akitumia kibanio cha nyusi ambacho mwenyewe alikuwa anakitafuta nyumba nzima. Akampelekea fundi wake wa gereji picha. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Mzee, hili haliwaki."

Alikuwa amezipanga 1, 2, 3 hadi 8, kwa unyoofu wa mtu wa mahesabu. Silinda za V8 hazichomi kwa kufuatana kama foleni ya benki. Huchoma kwa kurukaruka ili mapigo yagawanyike na krankishafti isitikisike kupita kiasi. Kwa Hemi mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Usiku mbili akafumua na kufuma upya, kisha akafunga boneti. Supachaja ikachomoza juu kama kwenye filamu, na nyaya zote nane zikabaki gizani.

"Sasa hizo nyaya nani ataziona?" mkewe aliuliza.

"Fundi anajua zipo."

Ndipo ikafika zamu ya rangi, na chandarua. Hoja yake ilikuwa kwamba wavu unaozuia mbu utazuia na uchafu. Vumbi la Dodoma ni jembamba kuliko mbu kwa mbali, likapita bila kuulizwa. Isitoshe, kabla ya kupuliza alikuwa ameipangusa bodi kwa kitambaa kikavu; plastiki ikisuguliwa kwenye hewa kavu hupata umeme tuli, na umeme huo huvuta vumbi kama sumaku inavyovuta misumari. Na joto nalo: sehemu ya rangi ilikauka hewani kabla ya kufika, ikatua ikiwa unga. Kipimo cha 1 kwa 25 hakina huruma. Punje ya nusu milimita ni kokoto la milimita 12.5. Mbaya zaidi, kulikuwa na mbu mmoja aliyefungiwa ndani tangu usiku, akaamua kutua. Mbu wa milimita 6, ukimzidisha mara 25, ni ndege wa sentimita 15. Shomoro mzima alikuwa amefia juu ya boneti ya Dodge.

Jirani yake, mzee wa Kigogo mwenye asili ya Kongwa, alikuja kushuhudia. Alilitazama gari, akamtazama mwenye gari, akacheka kwa adabu. Kwao, alisema, Waingereza walikuja mwaka 1947 na mradi wa karanga, wakaleta hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kiangazi kilipoingia ardhi ikawa ngumu kama saruji, majembe yakalika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. "Kifaru kilishindwa, mwanangu. Hiki ni kiberiti." Nyuma yake mjukuu alikuwa anasukuma gari lake mwenyewe: bodi ya waya wa uzio, taa za vizibo vya soda, tairi zilizokatwa kwenye ndala. Lilikuwa limejaa vumbi hadi kwenye usukani na lilikwenda vizuri sana.

Mhasibu akapiga msasa, akaanza upya. Sasa alikuwa amejua siri ya wenye uzoefu: paka rangi bafuni, baada ya kunyunyiza maji sakafuni na hewani, ili vumbi litue. Alimwaga ndoo nzima. Ilikuwa siku ambayo maji hayakutoka, na ndoo ile ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Baba watoto," mkewe alisema kupitia mlango, "gari limeoga. Wewe je?"

Rangi ilitoka nyeusi ya kioo, unajiona meno. Akaiweka Dodge juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha, akaenda kazini. Wiki hiyo upepo ulivuma siku tatu.

Binti yake wa kidato cha pili ndiye aliyeliona kwanza. Utandu mwekundu ulikuwa umetanda juu ya boneti, umezama kwenye mistari ya milango, umejikusanya nyuma ya tairi palepale ambapo gari halisi lingerusha tope. "Baba," alisema, "kama limetoka Safari Rally."

Mhasibu akakaa chini. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyotukuka humo hayakutukuka kwa kung'aa. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimaliza na Datsun 240Z akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström, ikabidi itafutwe kanuni ya kuwatenganisha, na ushindi ukawa wa Mehta. Hasegawa ya Japani hutengeneza modeli ya 240Z iliyoshinda mwaka 1971, kwa kipimo cha 1 kwa 24. Na wanaojenga modeli ughaibuni hununua vikopo vya unga wa rangi ya udongo, wakaupaka kwa brashi kwa saa nzima, ili gari lao lifanane na hili lililokaa juu ya kabati bila kuguswa. Kumbe watu wanauziwa vumbi.

Jumamosi iliyofuata mkewe alipita na kitambaa chenye unyevu, kama kila Jumamosi. Alifuta televisheni, akafuta redio, akanyoosha mkono kabatini.

"Hapo usifute!" mhasibu aliruka kutoka kwenye kochi. "Hiyo ni kazi ya sanaa."

Mkewe aliitazama Dodge. Akachora mstari kwa kidole juu ya kabati, akautazama ule wekundu, akamkabidhi kitambaa.

"Basi na meza ya chakula ni maonesho. Karibu uwaeleze wageni, wanakuja saa saba."