Kioo cha Birmingham Chachagua Maji

Kwa Mama, Mjomba, Shangazi na nyote mnaokaa barazani Kibokoni, Mombasa, baada ya Isha,

Mie mzima, na baridi nayo nzima. Jana nimeosha madirisha ya watu huku mvua yanyesha, na nimelipwa. Mama, usimwite mwalimu anisomee, sijarogwa. Nilisimama kwenye bustani ya mteja mmoja wa Kings Heath, hapa Birmingham, koti la mvua mwilini, maji yashuka toka mbinguni bila malipo, na mie nayarushia madirisha hayo hayo maji mengine yaliyotoka kwenye gari. Nilipomaliza nikakunja mpira nikaenda zangu, vioo vyachuruzika, sikugusa kitambaa. Kitambaa kimepigwa marufuku. Tajiri wangu, mzee wa Kipunjabi wa Handsworth, amesema akiniona nakausha dirisha tena atanikata mshahara.

Mwajua kazi yangu. Shangazi anapowaambia watu kwenye harusi kwamba mwanawe wa Uingereza yuko kwenye maofisi makubwa, hasemi uongo. Nilikuwa kwenye maofisi, upande wa nje wa kioo. Kazi yenyewe ilikuwa ngazi, ndoo, tone la sabuni, na kile kifutio chenye ukanda wa mpira. Kifutio hicho kilibuniwa mwaka 1936 na Ettore Steccone, Mtaliani aliyehamia Marekani, mgeni wa watu kama mie, na tangu hapo hakuna aliyekiboresha kwa maana. Nami nilikuwa fundi wacho, msione haya kunisifu. Naanza kona ya juu, naviringa mkono kulia, kushoto, kulia, mpaka chini, bila kuuinua ukanda kiooni. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama. Tatizo lilikuwa ngazi. Mwanijua nilivyo na mahali pa juu: wenzangu wakikwea mwembe, mie ndiye nilikuwa nikiachwa chini kudaka, na hata huko chini nilikuwa nimeshika shina.

Sasa tajiri amenunua mtambo, na ngazi zimefungiwa stoo. Mjomba, wewe umekula ujana wako kwenye mabomba, kwa hivyo hapa nisikilize vizuri. Uani kwake mna mirija minne imesimamishwa ukutani. Maji ya mfereji, haya haya wanayokunywa watu wa Birmingham na watoto wao, yaingia upande mmoja. Mrija wa kwanza wazuia mchanga na kutu. Wa pili umejaa mkaa wa kunyonya klorini, kwa sababu klorini hutafuna kilicho mbele yake. Kilicho mbele yake ni utando, na maji husukumwa kwa nguvu yapenye kwenye vitundu vyembamba hata chumvi yashindwa kupita. Wa nne una chembechembe za rangi ya kahawia, kazi yake kukamata hicho kidogo kilichoponyoka. Kisha tajiri atumbukiza kipimo cha mkononi, chenye kusoma ni sehemu ngapi za madini zimo katika sehemu milioni za maji. Kikisoma sifuri, azungumza na watu vizuri siku nzima. Kikipanda kukaribia 10, hakuna kutoka, na hakuna kuulizana habari za asubuhi.

Hoja yake ina akili, na hilo ndilo laniudhi. Yale madoa meupe yabakiayo kioo kikikauka ni chokaa na chumvi zilizokuwamo ndani ya maji. Ziondoe, na maji yatakauka yaende zake bila kuaga. Tena maji yaliyonyang'anywa kila kitu yana njaa, yakigusa vumbi hulizoa. Kwa hivyo ukileta kitambaa, wewe ndiye mchafuzi. Na mvua? Mvua nayo ni maji yaliyopandishwa na jua, madini yakabaki baharini, haina ugomvi na kioo. Mteja wa Kings Heath nilimweleza yote hayo, akatazama juu, akanitazama mie, akasema asante kwa namna ambayo watu wa huku husema wakikutaka uondoke.

Basi mambo ndiyo hayo: mwanadamu wa Birmingham anywa maji ya daraja la pili, ya daraja la kwanza ampa dirisha lake. Niliyaonja. Hayana ladha yoyote, na tajiri alinipokonya kikombe akisema haya si ya kunywa, ya kunywa ni yale machafu.

Mjomba, sasa shika moyo. Ili upate lita moja ya maji hayo, karibu lita nzima nyingine humwagwa kwenye mtaro, na mara nyingi ni zaidi. Maji ya mfereji, safi, matamu, yaenda mtaroni usiku kucha, maana mtambo wafanya kazi polepole na tangi la gari ni la lita 350. Niliposikia mlio wake mara ya kwanza nilikwenda kutafuta ndoo. Nikajaza ndoo zote za uani, nikajaza beseni, nikajaza birika la chai, kisha nikabaki nimesimama na mali yangu sijui niipeleke wapi. Tajiri akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, huenda yakakatika. Akaniuliza, yakatwe na nani? Sikuwa na jibu. Mtu aliyekulia akiamsha wadogo zake saa tisa za usiku kwa sababu mfereji umekohoa, hawezi kupona kwa miaka michache ya Ulaya.

Na maji yenyewe si ya hapa. Yatoka bonde la Elan, nchi ya Wales, kwa mfereji mrefu wa kilomita 118 hivi uliofunguliwa na Mfalme Edward wa Saba tarehe 21 Julai 1904. Hakuna pampu njia nzima. Ardhi yenyewe yainama kidogo kidogo, na maji yatembea kwa mwendo wa mzee anayetoka msikitini, yakitumia kama siku moja na nusu kufika. Ili kuyapata, mabwawa yalizamisha bonde la watu, nyumba zao, shule na kanisa. Maji ya mlimani hayana chokaa nyingi, ni laini, sabuni yatoa povu kabla hujaisugua. Mama, ungeyapenda. Mie niliyeoga maji ya kisima cha kwetu, ambayo sabuni haikubali kutoka wala haikubali kuingia, nilipooga hapa mara ya kwanza nilidhani nimenunua sabuni mbovu.

Asiyenifurahisha katika habari hii ni mtu mmoja. Aliyeyaweka maji ya Birmingham mikononi mwa mji ni Joseph Chamberlain, meya wao kuanzia 1873 hadi 1876, aliyeyanunua kutoka kwa kampuni ili maskini nao wapate mfereji. Ana mnara wake wa ukumbusho katikati ya mji, wa 1880, na chini yake bwawa la maji yanayoruka. Bwana huyo huyo, alipokuwa Waziri wa Makoloni, alishuka Mombasa mwishoni mwa 1902 na kupanda reli ya Uganda. Aliona visima vyetu? Aliuliza mama zetu wachota wapi? Alirudi kwao, na mwaka uliofuata akapendekeza Wazayuni wapewe ardhi ya bara, ardhi ya watu wengine. Mfereji aliusahau. Nikipita penye ule mnara nikiwa na lita 350 za maji yake nyuma ya gari, hujiona nimelipiza kidogo.

Katika kufungiwa ngazi, sheria nayo imo. Mwaka 2005 Waingereza walipitisha Kanuni za Kazi za Juu. Watu husema zimekataza ngazi, lakini hazikukataza. Zasema hivi: kama kazi yaweza kufanywa miguu ikiwa chini, ifanyie chini. Kama haiwezekani, zuia mtu asianguke. Kama huwezi kuzuia, hakikisha akianguka haumii sana. Kurasa na kurasa, wakati wahenga wetu walimaliza kwa maneno manne: aliye juu mngoje chini. Nikimkumbuka mkwezi wa Kwale, panga kiunoni, miguu mitupu, yuko kwenye kilele cha mnazi anaulizia habari za mpira, natamani nimpelekee mkaguzi wa huku. Akae chini ya mnazi ajaze fomu, mpaka dafu limkute.

Chombo chenyewe cha kuoshea ni upondo, mrefu kushinda wowote uliowahi kusukuma mashua pale Bandari ya Kale. Umetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, mwepesi, wajifyatua kipande ndani ya kipande mpaka ghorofa ya tatu. Kichwani una burashi, na mpira mwembamba wapita ndani kuleta maji kutoka garini. Wasugua, wasuuza, wahamia dirisha jingine. Ni rahisi kuueleza. Ukiuinua wote, huko juu burashi huwa na mawazo yake, na upepo wa Februari nao una yake. Maji yafuata upondo yakishuka, yaingia kwenye mkono wa koti, yapita kwapani, yatokea kiatuni. Wazee walisema mwosha huoshwa, na mie nilidhani yasemwa kwa ajili ya maiti tu. Asubuhi za barafu mpira waganda, nami husimama naupuliza kwa pumzi, mtu mzima mwenye vyeti, huku watoto wa shule wakipita wakinitazama.

Shingo ndiyo iliyoharibika zaidi. Kutwa natazama juu. Siku moja mwishoni mwa Shaaban iliyopita nilikuwa naosha nyumba ya Small Heath, mtaa umejaa Waislamu, na wazee wawili wakasimama pembeni yangu, nao wakainua nyuso. Baadaye kidogo mmoja akauliza, umeonekana? Nikajibu bado, ni dirisha. Akaniambia Saudia wameshautangaza. Nikafurahi kwamba hata huku, maelfu ya maili kutoka Kibokoni, bado hatukubaliani kuhusu mwezi.

Lakini ngazi naikosa, na sikutarajia kusema hivyo. Mwaka ule ule wa kifutio, 1936, George Formby, mwimbaji wao mchekeshaji, alitoa wimbo kuhusu mambo ambayo mwosha madirisha huyaona vyumbani mwa watu, na BBC haikufurahishwa nao. Mie niliyelelewa na Mama sikuwa na hamu ya kuona chochote, kwa hivyo nilikuwa nikipiga hodi. Hodi ya dirisha la ghorofani hamjawahi kuisikia: nagonga ngazi ukutani, nakohoa mara tatu, nasoma Bismillahi kwa sauti, ndipo napanda. Bibi mmoja wa Bournville, mtaa ambao kina Cadbury wa chokoleti waliujenga bila kuweka baa hata moja, alinisikia nikikohoa wiki baada ya wiki akanihurumia. Alifungua dirisha akanipa chupa ya dawa ya kifua. Tukawa marafiki hapo, mie juu ya ngazi nimeshika fremu kwa vidole vyote, yeye ndani, akiniuliza huko kwetu kuna joto kiasi gani. Chai yake ilikuwa ya maziwa baridi, haina tangawizi wala iliki, nami niliinywa yote.

Sasa sipandi, sikohoi, na chai sipati. Ngazi ilikuwa ikinifikisha kwenye uso wa mtu, na upondo waniacha bustanini na mbwa. Pesa nazo zalipwa kwa benki, zile jioni za kubisha milango kukusanya pauni zimekwisha, na kwa hivyo yuko mteja ambaye naosha dirisha lake mwaka mzima simjui sura. Yule bibi wa Bournville haamini upondo. Ameshampigia tajiri simu kwamba sikuja, ilhali vioo vyake bado vilikuwa vinatiririka. Tajiri ameniagiza kila nikimaliza nibishe mlango aone uso wangu. Agizo hilo ndilo pekee la mtambo huu ninalolitii kwa moyo mkunjufu.

Mpwa wangu ameniandikia anataka bei, ati aulete upondo Mombasa aoshe majumba ya Nyali awe tajiri. Mwambieni hivi. Nyuzi za kaboni zapitisha umeme, na mitaani kwetu waya za stima zapita karibu na dirisha kuliko pazia. Akiinua upondo Kibokoni, tutamsomea khitma. Isitoshe, madirisha yetu ya mji wa kale ni ya mbao, yamewekwa kuingiza upepo na kumchungulia anayepita, na dirisha la huku limewekwa kuukataa upepo. Asimwoshee mtu kitu asichokuwa nacho.

Lakini ule utando, Mjomba, ndio wenye maana. Baadhi ya hoteli za pwani zautumia kuondoa chumvi kwenye maji ya visima vyao, na wageni huoga na kunywa. Uingereza wautumia kwa vioo. Kwetu, ambako maji ya chemchemi za Mzima yasafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo na bado yafika mtaani siku yatakapo, utando kama ule kwenye kisima kimoja cha msikiti ungefaa watu wengi kuliko mtambo wote wa Handsworth. Ulizia bei hapo Mombasa, na waulize wazee wa msikiti kama wako tayari kuchanga. Mie nitatoa fungu langu.

Kwa sasa, pesa za tangi nimemtumia Mama kwa M-Pesa jana usiku. Mjomba asimamie mwenyewe. Nunueni la lita 1,000, si la 500, liwekwe juu ya paa kabla ya Ramadhani, na mfuniko utiwe kufuli. Jirani akija na ndoo, asirudishwe mtupu.

Wasalaam,
Mwana wenu, wa upande wa nje wa kioo