Kalipuliwa, Sawa. Kwa Lipi?

Jamani, haya magazeti! Simama asubuhi kwenye meza ya magazeti hapa Kirumba, Mwanza, usome vichwa vya habari kama tunavyosoma sote tusiokuwa na hela ya kununua. Waziri amlipua mkurugenzi. Mbunge amvaa waziri. Mkuu wa mkoa awashukia watendaji. Kocha acharuka. Ukifika mwisho wa meza unadhani nchi nzima imelala vitani. Tunarudi kijiweni, vikombe vya kahawa mkononi, na mmoja anaanza: "Mmesikia fulani kalipuliwa?" Wote tunaitikia. Sasa muulize, kalipuliwa kwa lipi? Kimya.

Hapo ndipo ninaposonya. Sina ugomvi na ukali. Aliyekula hela ya kisima cha mtaa asemwe peupe, tena asemwe mpaka aone haya. Ninachodai ni kosa litajwe.

Wenzetu wa magazeti ya Kiingereza wana slam yao, neno la herufi nne linaloenea kwenye safu nyembamba, na mhariri aliyebanwa na nafasi halimtoki mkononi. Sisi wala hatukuhitaji kuliazima. "Amlipua" ni herufi saba tu, na ndani yake yumo anayesema na yumo anayesemwa. Shida ya nafasi naielewa. Lakini kitenzi kikishajaza ukurasa wa mbele, kosa linakwenda kukaa wapi? Linasukumwa ukurasa wa nne, aya ya sita, ambako msomaji wa mezani hafiki. Tena kitenzi ni hichohicho kwa kila jambo. Kiongozi akimkumbusha mkandarasi tarehe ya kumaliza kazi, kamlipua. Akimtuhumu mtu wizi wa mali ya umma, naye kamlipua. Mizani imekufa.

Mwanza tunalijua hili kuliko wengi. Mnaokumbuka mwaka 2006 mnaikumbuka ile filamu tuliyozoea kuiita Mapanki. Jina lake halisi ni Darwin's Nightmare, kazi ya Hubert Sauper kutoka Austria. Ilitoka mwaka 2004, na mwaka 2006 ikafika hadi kuwania tuzo ya Oscar. Rais Kikwete akaishutumu vikali, hapahapa Mwanza, kwamba imelichafua jina la nchi na kuiumiza biashara ya samaki. Mji ukachemka. Watu wakaandamana. Mwandishi wa habari Mtanzania aliyeonekana ndani ya filamu akaingia matatani na vyombo vya dola.

Na wengi waliokuwa wanailaani hawakuwa wameiona hata kipande. "Rais kailipua," basi, yameisha. Kumbe ndani yake mlikuwa na mambo mawili ya kupimwa kila moja peke yake. La kwanza, kwamba ndege zinazokuja kubeba minofu ya samaki huenda ndizo zilizokuwa zikipeleka silaha kwenye vita vya Afrika. Hilo ni dai zito, na kila Mtanzania alikuwa na haki ya kudai ushahidi. La pili, kwamba minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na maskini wa hapa anabaki na mifupa. Kwa hilo, nani wa Igoma au Mabatini alihitaji filamu? Panki tunalijua: kichwa, uti wa mgongo na mkia, nyama imeshachukuliwa na kisu cha kiwandani. Linatumbukizwa kwenye karai la mafuta mpaka mbavu zinakauka, unachokoa kanyama kaliko kati ya miiba, unasukumia tonge. Kuna watoto wamekulia hapo.

Basi yote mawili yakafungwa furushi moja na kulipuliwa pamoja. Dai la silaha likakanwa, na swali la kwa nini sangara wa ziwani kwetu anamshinda bei mama wa Mabatini likazimwa kwa pumzi hiyohiyo. Mtu akiliuliza, anaonekana msaliti. Hasara ya ukali usiochagua ni hiyo.

Sasa linganisheni na mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria. Pigo lilikuwa kali, viwanda viliyumba na wavuvi walilia. Ila kosa lilitajwa: kuna watu wanavua kwa sumu. Likishatajwa, dawa nayo inaonekana. Mialo ikaanza kulindwa, ukaguzi ukakazwa, soko likafunguliwa tena. Leo maabara ya kupima samaki ipo hapo Nyegezi. Mtu akikuambia ulipokosea, hata kama anakuambia kwa ukali, amekuachia pa kuanzia.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alilijua hilo mapema. Mwaka 1962, nchi haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, akiwakosoa wenzake wa chama cha TANU. Alitaja makosa na kuyaeleza, ili mwenye kosa ajijue na ajirekebishe.

Wahariri, ndugu zangu, tunawaomba. Badala ya "Waziri amlipua mkandarasi", andikeni "Barabara haijaisha, mkandarasi abanwa". Nafasi inatosha, na sisi wa mezani tunaondoka na habari kamili. Nasi wa vijiweni tujiwekee sharti. Anayeleta habari kwamba fulani kalipuliwa, kabla hajaongezewa kahawa, aulizwe kwa lipi. Akikosa jibu, hiyo si habari, na isivuke kijiwe hiki kwenda kingine.