Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Mnaohesabu Manukuu

Kwa wahariri wa majarida ya tiba, kamati za kupandisha vyeo vyuoni, na wote mnaompima mtafiti kwa idadi ya waliomnukuu.

Waheshimiwa,

Tumesikia kwamba yule mtafiti aliyeteremka hapa gatini Mtangawanda na kisanduku chake cha barafu amepandishwa cheo, na makala yake inanukuliwa hadi Ulaya. Hongera zake na zenu. Vijidudu vya matende hujitokeza kwenye damu usiku, ndiyo maana tuliamshwa watu wamelala, watoto wakalia, bibi yangu akachomwa kidole kwa mwanga wa tochi. Kisha akatia dole gumba kwenye karatasi iliyosema majibu yataletwa. Makala imeshazunguka dunia. Majibu bado yako baharini.

Kisiwa chetu cha Pate hakikuanza leo kuwahudumia. Mwaka 1958, Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo mpya aliyeonekana kwenye mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa hapa. Wakampa jina la kisiwa, na leo wataalamu humwita Brugia patei. Mwaka 2004 chikungunya ilipozuka kisiwa jirani cha Lamu, ilikadiriwa kuwa watu 13,500, robo tatu ya wakazi wa kisiwa hicho, waliambukizwa. Ugonjwa ukaibuka baadaye Komoro, Réunion na India, na wanaoandika habari zake huanzia kwetu. Kwa kunukuliwa, hatuna wa kutushinda.

Kwa hiyo tunaleta maombi machache.

La kwanza, muhtasari wa kila makala uandikwe Kiswahili na ubandikwe ukutani kwenye zahanati. La pili, tusilipishwe dola kusoma habari za damu yetu wenyewe. La tatu, na hili ndilo kubwa, paka wa Pate waandikwe kuwa waandishi wenza.

Msicheke, jambo hili lina mfano. Mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, alimwandika paka wake Chester kuwa mwandishi mwenza kwa jina la F.D.C. Willard, na jarida la Physical Review Letters likachapisha. Chester hakutoa hata tone la damu. Wetu walitoa damu, wakatoa mishipa, na mnyoo juu. Kwa kipimo cha manukuu alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20 hupata alama 20. Wapigieni hesabu paka wetu kwa kila makala inayomtaja Brugia patei, halafu muwape uhadhiri mwandamizi, na Mungu akijaalia, uprofesa. Mshahara tutaelewana, maana changu wawili asubuhi wanatosha. Mhadhara wa uzinduzi ufanyike hapa gatini majahazi yakishusha samaki, mahudhurio yatakuwa makubwa. Wakialikwa mkutanoni Geneva, tunaomba tu ukumbi usiwe na mbwa, kwani hao nao wana madai yao ya uandishi, na kanu ameshaanza kunung'unika.

Mkiona paka hawastahili kwa kuwa hawakujua wanachofanyiwa, basi mtueleze bibi alijulishwa nini.

Mguu wake umevimba hata kiatu hakiingii. Kwenye jedwali lenu yeye ni nambari, na nambari hiyo imewafaa. Mwenyewe hakuambiwa kama ana mnyoo au hana. Alama za mtafiti mnazijua zote. Kama aliyetolewa damu alipata dawa, hakuna kati yenu aliyewahi kuuliza. Mnaweza kuuita usomi. Sisi tunauita wizi wenye marejeo.

Mtuwie radhi, jua la gatini ni kali leo.

Ombi la mwisho halina gharama. Kwenye fomu ya kupandisha cheo, kando ya safu ya manukuu, ongezeni safu moja: waliopimwa ni wangapi, waliorudishiwa majibu ni wangapi. Asiye na nambari ya kujaza hapo abaki na cheo chake cha jana.

Nawe msomaji, watafiti wakija kwenu na kisanduku cha barafu, usitoe kidole kabla hujaandikiwa ni nani atakayeleta majibu, na lini.

Wenu katika sampuli,
Mkazi wa Mtangawanda