Barua ya Wazi kwa NEMA: Mfuko wa Lita Moja

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Barabara ya Popo, South C, Nairobi.

KUH: MFUKO WA KUSAFIRIA NA MFUKO WA KUFUNGIWA

Mheshimiwa,

Naomba ushauri wako kuhusu jambo dogo: vitu vya kutia katika begi la mkononi. Wazoefu wa safari husema kwamba raha ya ndege haitegemei kiti bali begi unaloingia nalo, na nadhani wana haki. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, kwa hivyo anayekesha angani kutoka Nairobi hadi Ulaya hufunga sweta, soksi nzito, dawa zake na chupa tupu ya kujazia maji, kisha mafuta ya kujipaka, mafuta ya midomo, dawa ya meno na matone ya macho. Sweta halina kesi. Kesi iko kwenye hivyo vinavyomwagika.

Tangu ilipogunduliwa, Agosti 2006, njama ya kulipua ndege zinazotoka London kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji, wakuu wa usalama wa anga katika viwanja vingi wamekuwa wakitaka kila kimiminika cha begi la mkononi kiwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo hivyo vyote vikusanywe katika mfuko mmoja wa plastiki, unaoonyesha ndani, unaofungika na kufunguka, usiozidi lita moja. Hiyo ni amri ya angani. Ya ardhini ni Tangazo nambari 2356 katika Gazeti Rasmi la Serikali, la tarehe 28 Februari 2017, kwa mkono wa Profesa Judi Wakhungu, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, lililoanza kuuma tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Tangazo lile lilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya aina mbili: ule wenye vishikio, na ule bapa usio na vishikio. Ugeuze mfuko wa lita moja upendavyo, hutaona kishikio. Basi ni wa aina ya pili, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Sidhani kama kuna mafuta ya midomo yanayostahili kubebwa kwa gharama hiyo.

Mambo hunoga zaidi kwenye chupa iliyonunuliwa katika duka lisilotozwa ushuru. Muuzaji huko ng'ambo huifunga ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri, na kumwonya mteja asiufungue mpaka amalize safari yake yote. Nanyi mlishatangaza kwamba mifuko ya maduka hayo iachwe kwenye lango la kuingilia nchini. Msafiri anayeingia Kenya kwa saa chache kabla ya kupanda ndege nyingine atii nani? Akiuacha mfuko, chupa imepoteza lakiri, na kule mbele itatupwa. Akiung'ang'ania, amekuwa mwingizaji wa plastiki haramu. Yaonekana namna pekee ya kuzitii mamlaka zote mbili ni kuimaliza chupa palepale mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Najua mtakavyojibu: hakuna aliyefungwa Kenya kwa sababu ya dawa ya meno. Hapo ndipo malalamiko yangu yalipo. Sheria isiyomgusa anayetoka Lavington na pasi ya kusafiria mkononi humfikia upesi mchuuzi wa Muthurwa au mama mboga wa Kangemi aliyefungia sukuma wiki iliyokatwakatwa katika karatasi ya nailoni. Huyo hukamatwa, bidhaa zikachukuliwa, siku ya biashara ikapotea. Na karibu na meza yake pana duka lenye mikate iliyovishwa plastiki kihalali, kwa kuwa ilivishwa kiwandani. Mwenye duka haruhusiwi kuitia mikate miwili katika mfuko mmoja wa plastiki, lakini kila mkate una wake.

Sisemi marufuku ilikuwa mbaya. Kabla ya 2017 mifuko ilichipua kwenye michongoma ya Nairobi, ikaziba mitaro, na ikakutwa matumboni mwa ng'ombe machinjioni. Wala sijasahau kwamba Serikali ilijaribu mwaka 2007 na tena 2011 kukataza mifuko myembamba peke yake, ikashindwa, kwani askari wa jiji hatembei na kipimo cha unene mfukoni. Kukataza yote ni rahisi kusimamia kuliko kukataza baadhi, hilo nakubali. Lakini yote yawe yote. Kukiwa na msamaha wa kimyakimya kwa wanaoruka, basi bado mnakataza baadhi, ila safari hii kipimo si unene wa mfuko.

Pengine mtasema mfuko wa msafiri hautupwi ovyo: anao mkononi, anaondoka nao, anarudi nao. Hoja hiyo ni nzuri sana, nami naiunga mkono. Tanzania waliiandika waziwazi walipopiga marufuku mifuko yao tarehe 1 Juni 2019: mfuko wa vipodozi vya msafiri uliruhusiwa, kwa kuwa ulitarajiwa kubaki naye bila kutupwa nchini. Shida ni kwamba hoja hiyo haijui kukaa uwanja wa ndege tu. Ikiwa kosa ni kutupa, anayeosha mfuko wake na kuutumia tena mwezi mzima huko Kawangware hana kosa pia. Nanyi mwaka 2019 mlitangaza kuikataza hata ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, iliyokuja kuziba pengo, mkikiri kwamba kilichotakiwa kudumu kilikuwa kinatupwa kama kile cha kwanza. Kumbe mnajua kutazama matumizi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, chagua. Ama uandike msamaha huo katika Gazeti Rasmi, kwa maneno yatakayomhifadhi na muuza mboga anayerudisha mifuko yake, ama utuonyeshe kitu kisicho plastiki, kinachoonyesha ndani, kinachofungika, kisichozidi lita moja. Kiondo kimejaribu kwa miaka mingi kuonyesha ndani, hakijafaulu. Jibu litumwe kwa posta, katika bahasha ya karatasi, ila isiwe ile yenye kidirisha cha plastiki.

Wako mtiifu, kwa kadiri sheria zinavyoniruhusu,
Mwenye begi la mkononi, Westlands.